Ile klipu ya goti la Mahomes inatufundisha vibaya

Kijana akiteguka pia ya goti uwanjani (wengine huiita kilegesambwa), hakosekani mtu wa kukutumia klipu ya Patrick Mahomes. Kama hujaiona: ni Denver, Marekani, tarehe 17 Oktoba 2019. Mahomes, wa timu ya Kansas City Chiefs, anajipenyeza mbele na mpira, watu wanamwangukia, na lundo likiachana yuko chini, goti la kulia limeharibika umbo. Wahudumu wa timu wanamzunguka, pia inarudishwa palepale, anatoka uwanjani kwa miguu yake. Alikosa mechi mbili tu, na Februari 2020 akabeba Super Bowl.

Kama sinema, safi kabisa. Kama somo la goti, ni bovu.

Kwanza, inatufanya tuamini kwamba shida ni kuangukiwa. Kumbe mara nyingi hakuna aliyekugusa. Pia ya goti hukaa ndani ya kano ya msuli mkubwa wa mbele ya paja na kuteleza kwenye mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Goti likiwa limekunjwa kidogo tu, pia bado haijazama vizuri kwenye mfereji huo. Sasa mguu umeganda chini, mwili unageuka ghafla, paja linazunguka kwa ndani, msuli unavuta kwa nguvu: pia inachomoka kuelekea upande wa nje. Ni mchezaji anayekata kona, au msichana wa netiboli anayezunguka kutoa pasi. Wanaoumia hivi kwa mara ya kwanza wengi ni vijana wa umri wa shule, hasa wale ambao mfereji wao una kina kifupi tangu kuzaliwa. Kwenye klipu mguu wenyewe umefunikwa na miili ya watu, kwa hiyo huoni lolote kati ya haya.

Pili, na hapa ndipo napopata hasira, watu wanachokumbuka ni ule mkono unaorudisha. Wanasahau kwamba waliofanya vile ni watu wa kazi hiyo, na kwamba kesho yake alipigwa picha za MRI. Pia inapochomoka, ukano unaoishikilia upande wa ndani karibu kila mara huchanika, na wakati mwingine kipande cha gegedu au mfupa humeguka kikabaki kinaelea ndani ya goti. Kuirudisha hakurudishi hivyo.

Halafu kuna neno “goti limetoka”, ambalo klipu inalichafua zaidi. Kuhama pia ni jambo moja. Mfupa wa paja kuachana na mfupa wa muundi ni jingine kabisa: mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti unaweza kukatika, na mguu ukapotea. Mshkaji anayevuta goti la mwenzake pale uwanjani anajuaje ni lipi kati ya hayo mawili?