Mnakili Si Hamali: Kuhusu Neno Warraq

Muhula uliopita niliandika katika insha yangu kwamba Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, katika miswada ya tenzi aliyowaandikia wataalamu wa Kizungu, alikuwa "mnakili tu". Mhadhiri wangu hakuikata sentensi hiyo. Alizungushia duara neno "tu" na kuandika pembeni: kwa nini? Makala hii ni jibu langu, na nimelipata kupitia neno la Kiarabu ambalo Kiswahili hakikulichukua: warraq.

Neno hili linatokana na waraq, yaani majani au karatasi, mzizi uliotupatia waraka na nyaraka. Umbo lake ni la majina ya kazi katika Kiarabu, umbo lile lile lililotuletea dalali na hamali. Kwa mzizi wake, basi, warraq ni mtu wa karatasi. Neno lenyewe halitaji kuandika wala kunakili, ingawa kunakili vitabu kwa malipo ndiko kulikompa riziki.

Historia inaeleza sababu. Katika karne ya 9, al-Yaqubi aliandika kwamba soko la Baghdad lilikuwa na zaidi ya maduka 100 ya watu hawa. Ibn Khaldun, katika karne ya 14, anapoifafanua kazi yao anaweka pamoja kunakili, kusahihisha na kujalidi. Ibn al-Nadim, aliyeandika al-Fihrist mwaka 987, alikuwa warraq, mtoto wa warraq. Vitabu vingi vilivyopotea tunavijua leo kwa sababu yeye aliviorodhesha. Nani atathubutu kumwita mnakili tu?

Sasa tutazame neno letu. Nakili linatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo ndani ya mnakili amejificha hamali, anayebeba mzigo wa mwenziwe bila kuufungua. Katibu naye, ambaye kwa Kiarabu ni mwandishi, tumempeleka ofisini na kwenye vyama. Fundi wa kitabu amebaki na jina la mbebaji, na nadhani jina hilo ndilo lililozaa "tu" yangu.

Lakini Kijuma hakuwa mbebaji. Alikuwa mshairi, mchongaji na mwanamuziki, na mwaka 1913 aliandika utenzi wake wa Liyongo. Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann waliitegemea miswada yake. Tena hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Namna ya kuonyesha e na o, au p na v, ilihitaji uamuzi wa mwandishi. Beti tunazozichambua darasani zimepitia uamuzi huo.

Mtu anaweza kunipinga kwamba warraq si jina la sifa; ni jina la sokoni, na anayelipwa kwa kazi huweza kuharakisha na kukosea. Nakubali. Ila hapo ndipo faida yake ilipo. Neno lenye harufu ya karatasi na soko linatulazimisha kuuliza nani aliagiza nakala, nani alilipa, na alitaka kusoma nini. Mnakili linatuficha mkono ulioandika, na linatuficha malipo pia.

Dada yangu huchapa tasnifu za wanafunzi hapa Kampala, kwa malipo ya kila ukurasa. Mwezi uliopita alimpigia simu mteja kumweleza kwamba idadi ya watafitiwa katika sura ya tatu hailingani na ile ya sura ya nne. Mteja alirekebisha. Simu ile haikulipiwa, na katika ukurasa wa shukrani jina la dada halimo.

Insha yangu nimeiandika upya. "Tu" nimeifuta. Chini ya kila ubeti nilionukuu nimeongeza mstari mmoja: umeandikwa kwa mkono wa nani, na kwa agizo la nani. Penye ubeti ambao sikuweza kujibu, nimeacha nafasi wazi ili mhadhiri aone kwamba bado natafuta.