Fundi wa Kanda za Mwezi

Redio ilipokula kanda, mtu alichukua penseli, akaipenyeza kwenye tundu la kaseti na kuuzungusha utepe polepole huku roho i juu. Ikishindikana, kanda na redio vilikwenda kwa fundi. Fundi mzuri hakuigusa kanda kwanza. Alifungua redio, akachovya pamba kwenye spiriti, akasugua hedi, kile kichwa kinachousoma utepe, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Alijua kwamba kanda inayolaumiwa mara nyingi ina sauti yake yote. Mgonjwa ni msomaji wake.

Fundi huyo hunijia akilini kila nisomapo habari za kanda za Mwezi.

Mwaka 1966 na 1967 Marekani ilirusha vyombo vitano vya Lunar Orbiter vikauzunguke Mwezi na kupiga picha za mahali ambapo binadamu angeweza kutua. Kila chombo kilibeba filamu halisi na kuisafisha chenyewe huko huko juu. Kisha mwali mwembamba wa mwanga uliipitia filamu mstari kwa mstari, na kilichoonekana kikatumwa kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yalipokewa California, Hispania na Australia, yakarekodiwa kwenye kanda za upana wa inchi mbili. Picha zilizochapishwa wakati ule ziliungwa kwa vipande vyembamba vya filamu vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, ndiyo maana zina michirizi. Mengi yaliyopotea katika kuunga huko yalibaki kwenye kanda.

Katikati ya miaka ya 1980 Nancy Evans, mtunza kumbukumbu katika JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani, NASA, aliulizwa kanda hizo, kama 1,500, zifanyweje. Akakataa zisitupwe. Lakini ili zisomeke zilihitaji mashine za Ampex FR-900, nazo zilikuwa zimekwisha kuadimika. Aliulizia huku na huko hadi akapata nne kutoka kambi ya jeshi la anga ya Eglin, Florida, na kwa kuwa hazikuwa na pa kukaa, akaziweka kwenye banda la gari nyumbani kwake. Zilikaa humo miaka mingi, fedha za kuzifufua zikiombwa na kukosekana. Kwangu mimi, huyu ndiye fundi wa kwanza katika kisa hiki. Kulinda kitu ambacho hakuna anayekiulizia kunahitaji mkono imara kama wa kushika koleo.

Baadaye wapenzi wawili wa mambo ya anga, Dennis Wingo na Keith Cowing, walizihamishia mashine na kanda kwenye Kituo cha Ames cha NASA, California, ndani ya jengo lililowahi kuwa mgahawa wa McDonald's. Hapo ndipo fundi Ken Zin alipoanza kufungua skrubu.

Moyo wa FR-900 ni gurudumu dogo lenye hedi, linalozunguka kwa kasi kukatiza upana wa utepe huku likiugusa. Kugusa ndiko kusoma, na kugusa ndiko kuchakaa: kila dakika ya kusikiliza hula hedi kidogo, na utepe nao huumia. Kwa hiyo huwezi kujaribu-jaribu tu. Mashine moja ilivuliwa vipuri ili nyingine isimame. Hedi zilipelekwa kwa wataalamu wachache waliobaki na ujuzi wa kuzitengeneza. Hata mashine iliposimama, mawimbi yaliyotoka hayakuwa picha bado. Ilibidi kuunda upya kifaa cha kuyafumbua, kwa mwongozo wa nyaraka za zamani.

Zipo kanda zinazodai subira ya namna nyingine. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake hunyonya unyevu ikawa ulimbo, na ukizicheza hivyo hivyo zinabanduka. Mafundi huzioka, kwa joto la nyuzi 50 hivi, saa nyingi. Zikitoka zina muda mfupi wa kusomeka kabla unyevu haujarudi, kwa hiyo mashine iwe tayari imeshajaribiwa kwa kanda isiyo na thamani. Kanda ya thamani huingia mwisho kabisa. Mpangilio huu ndio ninaoustaajabia kuliko vyombo vyote: mtu ana hamu kubwa ya kuona kilichomo, na bado anashughulika kwanza na umeme, mota, vumbi.

Novemba 2008 picha ya kwanza kutoka kanda za Mwezi ilitolewa: Dunia ikichomoza juu ya ukingo wa Mwezi, ilivyopigwa na Lunar Orbiter 1 tarehe 23 Agosti 1966. Mpaka wa mchana na usiku unapita toka Istanbul hadi Cape Town, na kila kilicho mashariki yake kimefunikwa na giza. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa kama saa moja na nusu usiku. Nimeitazama mara nyingi, nikiitafuta pwani yetu kando ya ule mwanga. Haionekani. Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa zimeshawasha taa.