Margaret Bonds na mito ya Langston Hughes

Kulitungia muziki shairi ambalo tayari lina mwenyewe ni kazi inayodai unyenyekevu. Maneno yamekuja na mizani yake na vituo vyake, na mtunzi amebaki na sauti moja na piano. Hana kwaya ya kumwitikia wala ngoma za kuficha makosa. Margaret Bonds aliimudu kazi hiyo kuliko wengi wanaotajwa kabla yake kila watunzi wa Marekani wanapohesabiwa.

Alizaliwa Chicago mwaka 1913. Mama yake, Estella, alipiga kinanda kanisani, na nyumba yao ilikuwa kituo cha wasanii Weusi; Florence Price, aliyemfundisha utunzi, aliwahi kuishi humo. Mwaka 1933 Bonds alikuwa Mweusi wa kwanza kupiga piano kama msanii mkuu pamoja na Chicago Symphony Orchestra. Ajabu ni kwamba Northwestern University ilimpokea darasani, ikamnyima bweni.

Katika miaka hiyo ya chuo, kwenye chumba cha chini cha maktaba ya Evanston, alikutana na shairi la mshairi Langston Hughes, “The Negro Speaks of Rivers”. Hughes alikuwa kijana alipoliandika mwaka 1920, safarini ndani ya treni. Ndani yake mtu Mweusi anaieleza nafsi yake kwa mito: Frati, Kongo, Nile, Mississippi. Baadaye Bonds alieleza kwamba shairi hilo lilimtia nguvu mahali alipobaguliwa.

Usikilize wimbo alioutunga kwa shairi hilo. Piano inatangulia, nzito, ikibingirika taratibu huko chini, na mwimbaji anaingia juu yake bila papara. Mafunzo ya Kizungu yamo. Jazz na blues zimo vilevile, wala Bonds hakuzificha. Hakuna neno lililovutwa ili kumpendezesha mwimbaji. Huo ndio ufundi ninaousifu: alisoma kwanza, ndipo akatunga.

Alimrudia Hughes tena na tena. Katika nyimbo zake “Three Dream Portraits” za mwaka 1959 yumo mchekeshaji ambaye watu huona kicheko chake tu, maumivu hawayaoni.

Bonds alifariki Los Angeles mwaka 1972. Walimu wa muziki, wapeni vijana wenu nyimbo zake. Nawe msomaji, lisome kwanza shairi la mito kwa sauti yako, kisha umsikilize Bonds.