Nukta Kumi Zilizojenga Soko la Visu vya Mfukoni

Mwaka 1970 kiwanda cha visu cha W. R. Case & Sons, kilichoko Bradford katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilianza kugonga nukta kumi ndogo chini ya chapa yake. Mwaka uliofuata zikawa tisa. Mwaka 1972 zikawa nane, na zikaendelea kupungua hivyo hadi 1979, visu vilipotoka na nukta moja tu. Chukua 1980, toa idadi ya nukta, umepata mwaka. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Kwa maoni yangu, ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ya kukitoa kisu cha kukunja kwenye mfuko wa mkulima na kukipeleka kwenye meza ya mkusanyaji.

Kabla ya hapo umri wa kisu cha Case ulisomwa kwa vipindi virefu. Maneno "CASE TESTED XX" yalitumika tangu 1920 hadi 1940, kisha "CASE XX" hadi 1964, kisha "CASE XX U.S.A." kuanzia 1965 hadi 1969. Aliyeshika kisu cha kipindi cha pili aliweza kukosea kwa miaka 20 na zaidi, na bei nayo ikayumba hivyo hivyo.

Nukta zilikuja wakati mwafaka. Sheria ya Marekani ya 1968 ya kudhibiti bunduki iliwabana watu waliozoea kubadilishana silaha kwenye magulio, na wengi wao wakahamia kwenye visu. Habari za chapa mpya ziliposambaa, wanunuzi walizunguka maduka ya vifaa mijini na vijijini wakitafuta visu vya chapa ya zamani vilivyokuwa bado vimefungwa kwenye mbao za maonyesho. Mwaka 1972 chama cha kitaifa cha wakusanyaji wa visu kikaundwa.

Tuangalie sasa mahali nukta zilipogongwa, maana hapo ndipo pana ufundi. Chapa iko kwenye msuka, ile sehemu nene ya chuma isiyo na makali, inayoingia kwenye mpini na kuzunguka juu ya pini. Mwenye kisu hunoa makali mwaka hadi mwaka, kengee ikapungua, lakini jiwe la kunolea haliufikii msuka. Kisu kilichochakaa kwa kazi kinaweza kubaki na chapa safi. Upande wa pili wa msuka kuna namba ya muundo, nayo inasomeka tarakimu kwa tarakimu. Kwenye 6254, tarakimu 6 inataja mpini wa mfupa uliochongwa, 2 inasema kisu kina kengee mbili, na 54 ni muundo unaoitwa Trapper. Ingekuwa 5254, mpini ungekuwa wa pembe ya kulungu. Kwa hiyo pande mbili za msuka zinakupa mwaka, muundo na mpini uliokusudiwa, na ukikuta namba inasema mfupa huku mkononi una plastiki ya manjano, mazungumzo ya bei yasimame hapo hapo.

Hata hivyo, wafanyabiashara wengi hulipita jambo moja la msingi: nukta hutaja umri wa kengee, hazitaji umri wa kisu. Kiwandani kengee zilikatwa na kugongwa chapa mapema, zikakaa kwenye masanduku, kisha zikaunganishwa na mipini baadaye. Ndiyo maana kuna visu halali kabisa vyenye kengee moja ya "U.S.A." isiyo na nukta na nyingine yenye nukta kumi. Wakusanyaji huviita visu vya mpito na huvithamini. Udhaifu huohuo ndio unaomfaa tapeli, kwa kuwa kengee ya zamani iliyong'olewa kwenye kisu kilichovunjika inaweza kupachikwa kwenye mpini mpya, na chapa isiwe imesema uongo wowote.

Udanganyifu wa kufuta nukta una mantiki yake. Anayefuta nukta moja kati ya tisa hajapata kitu, maana amekifanya kisu kuwa kipya zaidi kwa mwaka mmoja. Anayezifuta zote, kwa upande mwingine, anakirudisha kisu kwenye miaka ya 1965 hadi 1969, na bei inapanda. Zaidi ya hayo, mwaka 1980 kiwanda kilianza tena na nukta kumi, kikabadilisha umbo la herufi S ya "CASE" likawa na pembe kali kama za radi. Asiyeitazama hiyo S atakiita kisu cha 1986 kisu cha 1976, kwa kuwa vyote vina nukta nne.

Basi baada ya msuka, soma kisu kizima. Kifumbe uziangalie ncha za kengee: zikiwa zimechomoza juu ya mpini, au zimezama mno, huenda kengee si za kisu hicho, au zimenolewa sana. Kifungue polepole usikilize. Springi nzima inaishika kengee kwa nguvu na kuifunga kwa mlio mkali. Kimulike taa kutoka nyuma, utazame kama mwanga unapita kati ya springi na bati za pembeni. Angalia vichwa vya pini kwenye noleo, yale mabati mazito ya mwisho wa mpini. Pini iliyogongwa kiwandani husuguliwa hadi ikapotea kabisa, ila iliyotolewa na kurudishwa huacha duara hafifu. Na msuka uliofutwa nukta huwa mwembamba kidogo, wenye mikwaruzo inayokwenda upande tofauti na chuma kilichobaki.

Mfupa una vitundu vidogo vya mishipa, unavyoviona kwa kioo cha kukuza kwenye ukingo wa mpini. Plastiki iliyotengenezwa kuuiga haina. Kuna wanaochoma mpini kwa sindano ya moto kupima. Huo ni uharibifu, na usimruhusu mtu aufanye kwenye kisu chako. Mipini ya zamani ya seluloidi ni hatari ya namna nyingine: ikianza kuoza hutoa mvuke unaokula chuma, kuanzia kengee zake yenyewe hadi visu vya jirani vilivyofungiwa droo moja. Itenge.

Chuma cha kaboni hugeuka rangi kwa matumizi, kikawa kijivu kinachoelekea bluu. Huo si uchafu. Wauzaji wengi huking'arisha kwa msasa na mashine wakidhani wanaongeza thamani, kumbe wanafuta alama za kiwandani na kuzilainisha kingo za chapa, ushahidi ambao mnunuzi mjuzi anaulipia.

Ukinunua kwa picha, omba picha ya msuka wa kila kengee, pande zote mbili, na nyingine ya kisu kikiwa kimefumbwa. Muuzaji akikupa nukta tu na kukunyima mengine, usitume pesa.