Shahidi Asiyekubalika: Basilides na Wagnostiki Katika Mihadhara Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni za Allah, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Hapa kwetu Mwisenge, Musoma, Muislamu anaishi ukuta kwa ukuta na Mkatoliki, Mmennonite na Msabato. Mazungumzo ya dini hayasubiri jukwaa. Yanatokea sokoni, mwaloni na msibani. Vijana wa darsa letu walituletea kwenye simu mhadhara uliorekodiwa. Hatumtaji mhadhiri, kwa kuwa tunachokosoa ni hoja na si mtu. Alisema hivi: Basilides, Mkristo wa Iskandaria wa karne ya pili, alifundisha kwamba aliyesulubiwa ni Simoni Mkirene na si Nabii Issa (a.s.). Basi Wakristo wa mwanzo walikuwa na itikadi ya Qur'an, mpaka Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulipochagua Injili nne na kuzizika nyingine. Takbira zikapigwa.

Lakini mmoja wa vijana hao alikuwa na dukuduku. Jirani yake Mkristo alisikia hoja hiyo akamuuliza: "Kama Basilides aliyasema hayo karibu miaka 500 kabla ya Muhammad, mtasemaje kwamba Muhammad hakuyachukua kwake?" Kijana akakosa jibu, akaja kwetu ana huzuni. Tunasema kosa si lake. Swali lile sisi wenyewe ndio tuliompa jirani yake.

Tuanze na huyo Basilides. Alifundisha Iskandaria katika nusu ya kwanza ya karne ya pili. Vitabu vyake vimepotea, na habari ya Simoni tunaipata kwa mpinzani wake, Irenaeus, askofu wa Lyon, aliyeandika karibu mwaka 180. Habari inayofanana nayo imo pia katika maandishi ya Kikopti yaliyofukuliwa Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945. Kwa hiyo mhadhiri hakuzua. Kosa lake ni kwamba alisoma mstari mmoja akauacha ukurasa.

Ukurasa wenyewe unasema nini? Kwa maelezo ya Irenaeus, Basilides aliitakidi kwamba kutoka kwa Baba asiyezaliwa ilitoka Akili, kutoka kwenye Akili likatoka Neno, na kuendelea hivyo mpaka zikapatikana mbingu 365. Dunia hii haikuumbwa na Mungu Mkuu, bali na malaika wa mbingu ya chini kabisa, na mkubwa wa malaika hao ndiye Mungu wa Mayahudi. Maana yake, aliyemteremshia Nabii Musa (a.s.) Torati si Mola wa viumbe vyote, ni malaika tu. Naye Issa kwao si mja wa Allah. Ni ile Akili yenyewe iliyojidhihirisha kwa sura ya mtu. Hiyo ndiyo sababu hakusulubiwa: alibadilishana sura na Simoni, akasimama pembeni akiwacheka watu.

Sasa linganisha. Qur'an inakanusha kusulubiwa katika Suratun Nisaa, aya ya 157. Lakini Qur'an hiyo hiyo, katika Suratul Maida, aya ya 75, inatukumbusha kwamba Issa na mama yake walikuwa wakila chakula, yaani walikuwa watu kama watu. Basilides anakanusha msalaba kwa kuwa anamfanya Issa asiwe mtu. Qur'an inakanusha huku ikithibitisha kwamba ni mtu, mja na Mtume. Watu wawili wanaweza kukutana njia panda, mmoja anakwenda msikitini na mwingine anatoka kilabuni. Kukutana kwao hakuwafanyi kuwa wenzi wa safari.

Mzizi wa fikra hiyo haukuwa kwa Mitume. Plato, katika kitabu chake Timaeus, alizungumzia fundi aliyeupanga ulimwengu kutokana na kitu kilichokuwepo, na katika Phaedo aliufanya mwili kuwa kifungo cha roho. Wagnostiki walichukua fikra za namna hiyo wakazigeuza: fundi akawa mjinga au muovu, na ulimwengu ukawa gereza. Hata Plotinus, mwanafalsafa wa njia ya Plato aliyefariki mwaka 270, aliandika kuwapinga kwa kuutukana ulimwengu na muundaji wake.

Ama Nikea, mtaguso ule ulikaa kwa ajili ya mzozo wa Arius na tarehe ya Pasaka. Haukukaa kuchagua Injili. Irenaeus alikwisha kusema ni nne, karibu miaka 145 kabla yake. Mkristo aliyesoma akitusikia tukisema kinyume, hatatuamini hata tukimwambia lililo kweli.

Wanavyuoni wetu wa zamani waliwajua watu wa namna hii. Ash-Shahrastani (aliyefariki 548 Hijria, 1153), katika Al-Milal wan-Nihal, aliwaweka wafuasi wa Marcion na wa Bardaisan katika mlango wa Thanawiyya, wanaoamini asili mbili, pamoja na wafuasi wa Mani. Hakuwahesabu kuwa watu wa tauhidi waliodhulumiwa na kanisa. Naye Imam Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, 1111), katika Tahafut al-Falasifa, aliipinga fikra ya wanafalsafa ya akili moja kutoka katika nyingine. Vipi leo tumtoe jukwaani kama shahidi wetu mtu wa itikadi waliyoibomoa?

Katika elimu ya munadhara, hoja ni za aina mbili. Kuna ilzam, kumbana mpinzani kwa kile anachokikubali yeye. Hii ndiyo njia ya Ngariba na Kawemba katika Uislamu katika Biblia (1987). Na kuna tahqiq, kuthibitisha haki kwa dalili iliyo sahihi yenyewe. Basilides hafai kwa lolote. Mkristo hamkubali, kwa hiyo si ilzam. Na sisi hatumkubali, kwa hiyo si tahqiq. Ni shahidi aliyekataliwa na pande zote mbili.

Kijana wetu tulimjibu hivi. Mwambie jirani yako: sisi hatukuamini habari ya Issa kwa sababu ya Basilides, na aliyetumia jina lake alikosea. Anayedai Qur'an imechukua kwake, aeleze vipi ikachukua neno moja na kuubomoa msingi wake wote, tangu aya ya kwanza ya Suratul An'am, inayomsifu Allah kwa kuumba mbingu na ardhi na kujaalia giza na nuru.

Na ndugu zetu wahadhiri tunawanasihi kwa Suratul Hujurat, aya ya 6: habari ihakikishwe kabla ya kupandishwa jukwaani. Takbira inadumu dakika moja. Swali la jirani linabaki na kijana mtaani mwaka mzima.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.