Kila mtu ana zake, si yake

Nadharia ya akili anuwai aliyoitoa Howard Gardner wa Marekani mnamo 1983 imeingia madarasani mwetu kupitia mtaala wa umilisi. Waraka wa msingi wa mtaala huo, wa 2017, unaitaja wazi. Gardner alipinga wazo la Charles Spearman, la 1904, kwamba binadamu ana akili moja ya jumla. Alitaja saba: ya lugha, mantiki na hesabu, muziki, mwili, nafasi na maumbo, kuwaelewa wengine na kujielewa. Baadaye akaongeza ya mazingira asilia.

Ugomvi wangu hauko kwenye orodha hiyo. Uko kwenye kimilikishi. Siku hizi nasikia, "Huyu akili yake ni ya michezo." Umoja! Ilhali wahenga walishanena: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zake, si yake.

Upeleke umoja huo Turkana uone madhara yake. Mtoto anayechunga ngamia nje ya Lodwar, mmoja akipotea, hufuata nyayo, hukadiria mnyama amepita lini, hukumbuka visima vilipo, kisha huwauliza wapita njia kwa adabu ili wamwambie kweli. Hebu niambie, hiyo ni akili gani? Ukimwambia eti "akili yako ni ya mifugo", umemsifu huku ukimfungia mlango wa hisabati. Huko Kakuma nako, kwenye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992, mtoto anayemtafsiria mamake kliniki hatumii lugha pekee. Anapima pia hofu ya mama na haraka ya daktari.

Utafiti wa humu humu nchini unatuonya. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa Kiluo karibu na Usenge, wakachapisha matokeo 2001. Waliozijua zaidi dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Watafiti hawakudai kwamba hao walizaliwa na "akili ya mitishamba". Walieleza kwamba mtoto hukuza kile kinachothaminiwa kwao.

Wanasaikolojia wengi, isitoshe, hawaukubali ushahidi kwamba akili za Gardner zinajitegemea. Anayefanya vyema katika jaribio moja aghalabu hufanya vyema katika jingine.

Basi, mwalimu, nyayo za ngamia ziwe njia ya kufikia hesabu za mwendo na muda, zisiwe kisingizio cha kuziruka.