Hofu ya Usiku Mmoja

Kumshtua mtu ni kazi ndogo: zima taa, piga ukelele. Kuwatisha watu saa tatu nzima, tena wakatae kuondoka, huo ndio ufundi. Anayeanza kuongoza michezo ya hadithi mezani, ile ambayo mmoja husimulia na wengine huwa wahusika, ningemshauri aanzie hapo: kisa cha kutisha kinachoanza na kwisha usiku uleule.

Mimi hutumia Dread, mchezo wa mwaka 2005. Hauna dadu. Mezani husimama Jenga, mnara wa vibao 54 ambao Leslie Scott, mzaliwa wa Afrika Mashariki, aliuingiza sokoni mwaka 1983. Mhusika wako akitaka kujaribu jambo la hatari, chomoa kibao. Mnara ukikuangukia, umetoka hadithini, aghalabu maiti. Kanuni kuu ni hizo tu, kwa hiyo mwongozaji mgeni hana pa kujificha.

Barazani Kinondo, pwani ya Kenya, wachezaji wangu wamekulia kwenye ngano. Yule jini mrembo wa barabarani mwenye kwato wanamjua tangu utotoni. Msimulizi hodari huanza na manukato, kisha sauti, kisha bangili. Miguu huitaja baada ya dereva aliyemsimamia kumfungulia mlango. Mezani subira ni ileile, ila mlango anaufungua msikilizaji mwenyewe.

Msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo uko karibu, nami siuingizi mchezoni. UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, lakini hilo silo linalonizuia. Anayeingia mle hujifunga kaniki, na hatoki na hata jani. Mahali penye wazee na miiko hapafanywi pambo la mchezo. Bahari inatosha.

Basi wachezaji wangu wakawa wavuvi. Katika Dread kila mchezaji kwanza hujibu maswali kuhusu mhusika wake, na uhondo wote umo humo. Nahodha nilimwuliza: “Kwa nini hukuwaambia wenzako ulichokiona kwenye jarife?” Akaandika: “Kilivaa pete ya mama.” Zimwi nililoliandaa wiki nzima nikalifukuza palepale.

Jarife lilipokuwa zito sikueleza kilichomo. Niliuonyesha mnara tu. Nahodha akagusa kibao cha kati, kikagoma. Akajaribu cha pembeni, mnara ukainama kidogo. “Kata kamba, kaka!” mmoja akafoka. Nikamwambia kukata kamba nako ni kibao.

Mchezo huu una ruhusa moja ninayoipenda kuliko zote: mchezaji aweza kuuangusha mnara kwa makusudi. Mhusika wake hufa, lakini alilolikusudia hutimia. Nahodha aliuliza kama wenzake watafika pwani. Nikamjibu watafika. Akauzaba kofi, vibao vikatawanyika hadi uvunguni, na papo hapo likazuka zogo: mbona pete hakuichukua?